Hedifoni za Bei ya Mtamba

Kila anayeziona huuliza bei kwanza. Hakuna anayeuliza zinafanya nini. Nikimtajia, anazirudisha mezani polepole kana kwamba ameshika yai la mtu, halafu ananitazama usoni kuona kama niko sawa. Mume wangu alipoziona mara ya kwanza alisema, "Kwa hivyo umebeba mtamba kichwani." Hakukosea. Mimi ni Mkuria, nimezaliwa upande wa Kegonga, na kwetu kitu kikubwa hupimwa kwa ng'ombe. Kwa pesa zile ningepata mtamba mwenye afya, ambaye mwaka ujao angekuwa na ndama. Huyu wangu hazai. Huyu wangu anachajiwa.

Basi ngoja nieleze kwa nini nilimnunua, ndipo uamue mwenyewe kama nilipigwa bei au sikupigwa.

Niliolewa Awendo kwa Wajaluo, kwenye boma lililo kando ya barabara ya malori ya miwa. Desturi ya huku ni kwamba kijana akikua hujenga nyumba ndogo karibu na lango la baba yake, na humo ndimo anamoletea mke. Ni nyumba ya muda. Akishapata mke na mtoto, anatoka asubuhi moja na shoka, jogoo na moto, anaenda kuanzisha boma lake mwenyewe. Nilipoelezwa haya nikiwa bibi arusi niliona ni desturi nzuri kabisa. Hawakunieleza kwamba kuna foleni. Kaka mkubwa hutoka kwanza, ndipo mdogo afuate. Mdogo akimruka mkubwa wake, wanasema ameita chira, ile laana ya kunyauka, mtu anakonda na dawa haishiki. Na usiniambie ni mambo ya wazee wasiosoma. Namjua mwalimu wa fizikia aliyemngoja ndugu yake mlevi mpaka mvi zikamtoka.

Mume wangu ni wa pili. Wa tatu, ambaye kwa desturi ndiye angebaki na mama, yuko Nairobi na huonekana Krismasi. Wa kwanza yuko Kisegi, kule Homa Bay, anavua samaki. Ana mke, ana watoto, ana afya ya fahali. Alichokosa ni siku ya kuja kujenga. Kila mwaka palikuwa na sababu. Wavu umeibwa. Mtoto amelazwa. Ziwa limefunikwa na magugu. Sababu ilikuja pamoja na mfuko wa omena, dagaa wa ziwani, mama mkwe akanigawia, nami nikazikaanga omena zile kwa hasira mpaka zikaungua. Shamba la kujenga tulikuwa nalo, juu mlimani, mahali pa upepo na ndege. Mabati tulishanunua. Tuliyaegemeza ukutani nyuma ya kochi, na mgeni akijinyoosha sana yalipiga kelele, tukaanza kumweleza upya habari za Kisegi.

Sasa mashine. Baba mkwe alipofariki alimwachia mkewe mashine ya kusaga unga, ya dizeli. Mashine ya biashara lazima iwe karibu na barabara, na karibu na barabara ndipo penye lango, na penye lango ndipo penye nyumba ya kijana. Kati ya kibanda cha mashine na dirisha langu mtu mnene hapiti. Ikiwashwa asubuhi, vikombe vinatembea kabatini. Inanguruma mpaka mahindi ya watu yaishe, na mahindi ya watu hayaishi. Ukitaka kusema na mtoto wako unamshika bega kwanza. Nilizoea kupika, kufua, kugombana na kupatana ndani ya ule mngurumo. Kazi ndiyo sikuweza.

Maana kazi yangu ni kusikiliza. Watafiti hurekodi watu wakizungumza, wakulima, akina mama wa kliniki, wafanyabiashara wa mpakani, halafu hunitumia sauti kwa mtandao nami naziandika neno kwa neno. Kikuria ni cha kwetu, Kijaluo nilifundishwa na ndoa, Kiswahili ni cha wote. Ni kazi nzuri, na ilikuwa kitu pekee katika boma lile ambacho ni changu. Ila ukiandika "haisikiki" mara nyingi wanakurudishia, na wakikurudishia mara nyingi wanakusahau. Walikuwa wameshaanza kunisahau.

Kuhamia kwingine? Mke wa mtu hapangi chumba mjini eti mashine ya mama mkwe ina kelele. Ningeitwa mtoro. Kujenga kwetu? Ngoja kaka. "Subira huvuta heri, Nyar Kuria," mama mkwe aliniambia kila nilipolalamika. Ndivyo anavyoniita, Nyar Kuria, binti wa Kikuria. Huku mke huitwa kwa alikotoka, na hata uzeeke vipi hupandishwi cheo. Mimi hiyo subira niliivuta mpaka ikanichuna mikono. Palikuwa na siku nilisimama langoni na beseni la nguo, nikaitazama ile barabara, nikajua kabisa kwamba hakuna mtu aliyenifunga na bado siwezi kutoka. Heri ya jela. Jela unaambiwa siku yako.

Kabla ya mtamba nilijaribu vya bei rahisi. Nilianza na zile za kuchomeka masikioni, za mchuuzi wa stendi. Sikio moja lilikufa kabla sijafika nyumbani. Nikanunua nyingine kubwa, za kufunika masikio, nyekundu, za kupendeza. Hizo zilinibana kichwa kama kilemba cha mtu mwingine, na ili niushinde mngurumo nilipandisha sauti mpaka jioni masikio yakapiga filimbi yenyewe. Nikaogopa. Mama mkwe nusu ya masikio yake ameshaipa mashine, na mimi sikutaka kumfuata huko.

Rahisi ni ghali, alisema mwenye duka la Migori mjini, Mwislamu mmoja aliyetokea pwani, mwenye Kiswahili kitamu mpaka unaona aibu kufungua mdomo. Nilikuwa nimekwenda kuuliza tu. "Dada yangu, kuuliza si kununua, vaa," akasema. Akanivika hedifoni nyeusi, nyepesi, zenye mito laini, zisizo na waya wowote, akanitoa nje pale jenereta ya kinyozi ilipokuwa ikinguruma kwa sababu stima ilikuwa imepotea. Akabonyeza kitufe.

Jenereta ikaondoka. Haki ya Mungu, niliiona ikitikisika, niliuona moshi, na sauti yake haikuwepo. Nikasikia pumzi yangu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa nimesikia pumzi yangu mchana. Nililia pale pale, mbele ya kinyozi na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja.

"Sikiliza, dada," mwenye duka akasema, nami nikamsikia vizuri kabisa. "Hizi zinameza mngurumo wa mfululizo, wa injini, wa feni. Mtu akisema karibu nawe, sauti yake itapenya. Usije ukanirudishia kesho ukasema sikukwambia."

Aliniambia. Mimi mkono ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba, kwenye akiba ya milango na madirisha ya nyumba ya mlimani.

Kasoro zake nizitaje, nisije nikadhaniwa wakala wao. Jua la mchana likipanda, masikio yanatoka jasho ndani ya ile mito. Siku za kwanza nilihisi kama masikio yameziba kwa kupanda mlima kwa gari. Na ukizivaa huna uso wa kumwangalia mtu anayekopa chumvi. Lakini chaji inakaa, hata stima ikipotea siku nzima nafanya kazi, na kichwa hakiumi. Neno "haisikiki" lilinitoka mikononi. Wiki ile ile watafiti wakanikumbuka, wakanitumia kazi nyingine, kisha nyingine. Nilikaa dirishani, mashine ikitingisha meza yangu, nami nikiwa mahali pengine kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilikuwa na chumba changu.

Halafu nikaanza kuwasikia wanawake wa foleni.

Kumbuka, watu penye mashine hawasemi, wanapaza sauti. Miaka yote sauti zao zilikuwa zimezama, hata wenyewe walisikizana kwa kutazamana midomo. Sasa mngurumo umeondolewa, zimebaki sauti peke yake, wazi, kama watu wanaogombana kanisani. Nilijua ujauzito wa nani unafichwa na nani anamwekea kinyongo mwalimu mkuu. Nikasikia pia, "Yule Mkuria siku hizi amevaa kitu kama rubani. Anarusha nini?" Nilicheka mpaka nikasimamisha kazi. Nikasema kumbe nimenunua na redio juu yake.

Mama mkwe ana tabia moja ambayo ilinishangaza tangu nije. Kila mtu simu ikiita huikimbia mashine. Yeye, akipigiwa na mwanawe wa Kisegi, alikuwa akienda nyuma ya kibanda, chini ya dirisha langu, mahali ambapo mngurumo ni mkali kuliko pote, akabana simu sikioni na kupiga makelele humo. Nilidhani ni uzee. Nilimhurumia, hata siku moja nikamshauri aende upande wa mgombani kwenye utulivu. Akaniambia amezoea.

Siku hiyo nilikuwa namwandika mkulima mmoja anayeeleza ugonjwa wa mbuzi wake. Nikamsikia mama mkwe kana kwamba yuko kwenye kochi.

"Kik ibi," alisema. Usije. Akaendelea kwa Kijaluo kile kile alichonifundisha mwenyewe jikoni. "Usije mwaka huu. Ukija kujenga wewe, huyu naye kesho yake ameondoka, na mimi nitabaki na nani hapa? Na kuku? Mwambie ndugu yako injini ya boti imeharibika. La wavu tumeshalisema." Akasikiliza. "Najua uko tayari. Tulia huko. Subira huvuta heri."

Mkulima aliendelea kusema juu ya mbuzi wake, sikuandika hata mmoja. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Miaka yote ile nilikuwa nimemlaani mvuvi wa watu, nimemwita mlevi, nimemwita kupe, kumbe mwenzangu anataka kuja na anazuiwa! Mwenye ufunguo alikuwa akinigawia omena na kuniambia nivute subira. Niliona moto. Mimi natoka kwa watu ambao hasira hawaiweki kwenye friji.

Jioni mume wangu akarudi na lori lake la miwa, akanawa, akakaa. Simu yake ikaita. Alisikiliza, akaguna, akakata, akanitazama kwa huruma. "Kaka anasema injini ya boti imeharibika."

Nilicheka. Hakikuwa kicheko cha heri. Nikamwambia yote, neno kwa neno, kama ninavyoandika kazini. Mume wangu ni mtu mpole, ndiyo maana nilimpenda, na ndiyo maana wakati mwingine natamani kumtikisa.

"Nyuma ya mashine hakuna mtu anayesikia kitu," akasema. "Mimi nimezaliwa hapa. Hata mtu akinipigia kelele za mwizi pale sisikii."

"Mimi nimesikia."

"Umesikia hayo mambo yako ya kwa kompyuta yakachanganyika. Mama yangu hawezi." Akazishika hedifoni, akazigeuza, akaziweka chini. "Tumeuza mlango wa nyumba, tumenunua wazimu."

Hapo nilihisi kuta zinasogea. Kumbe nimefungiwa ndani, na mlango umeegemewa na watu wawili, mmoja anajua na mwingine hataki kujua. Sikula. Nililala nikiwa nimeyapanga maneno yangu kwa Kiswahili, na matusi nikayapanga kwa Kikuria, maana matusi huwa matamu kwa lugha ya mama.

Asubuhi mashine ilipoanza nilienda moja kwa moja kibandani, hedifoni shingoni. Mama mkwe alikuwa anamimina mahindi, nyusi zake nyeupe kwa unga, leso imekazwa kiunoni. Foleni ilikuwa ndefu. Nikafungua mdomo. Ndipo nikagundua kwamba hakuna namna ya kumshtaki mtu mbele ya ile mashine. Ningelazimika kupaza sauti wote waione midomo yangu. Nikabaki pale na maneno yangu yote mazuri, kama kuku aliyemeza gunzi.

"Nini, Nyar Kuria?" midomo yake ikauliza.

Sikujua kwamba nitafanya vile mpaka nilipofanya. Nilizivua hedifoni, nikamvalisha juu ya kitambaa chake cha kichwa. Alirudi nyuma kidogo, lakini mikono ilikuwa na debe, hakuwa na la kufanya. Nikabonyeza kitufe.

Aligeuka haraka kuitazama mashine. Akaweka debe chini, akaigusa kwa kiganja kama mtu anayempima mtoto homa. Ilikuwa inatikisika. Akaniangalia mimi, akaiangalia tena mashine. Kisha akageukia foleni kwa ghafla na kupaza sauti, "Nani amesema unga wangu unapungua?"

Wanawake waliganda. Mmoja akaficha uso kwenye karai. Siku nyingine ningevunjika mbavu kwa kicheko, lakini uso wa mama mkwe ulikuwa umeanza kubadilika. Polepole aliigeuza shingo akatazama pale nyuma ya kibanda, mahali pake pa simu. Akalitazama dirisha langu lililo juu ya mahali pale. Akanitazama mimi. Yote niliyokuwa nimepanga usiku aliyasoma hapo hapo, pamoja na matusi.

Nilingoja akasirike. Nilimtaka akasirike, ili na mimi nipate pa kuweka hasira yangu. Hakukasirika. Alisimama katikati ya kibanda chake, katika ule ukimya ambao sijui kama alikuwa ameusikia mchana tangu mumewe azikwe, akatazama boma. Nyumba ya mkubwa yenye mabati ya kutu upande mmoja wa lango. Nyumba yetu upande wa pili. Nyumba yake kule juu, mlango wazi, kuku wakiingia. Kisha akasema, kwa sauti kubwa mno, kama wanavyosema wote waliovaa vitu hivyo:

"Mkienda kutakuwa hivi?"

Foleni yote ilisikia. Jibu nililijua. Ndiyo, Mama, kutakuwa hivyo hivyo.

Alizivua mwenyewe, akaipangusa mito kwa ncha ya leso, akanirudishia kwa mikono miwili. Akavuta chuma cha injini. Mashine ikakohoa, ikazima. Watu walilalamika, mahindi yako nusu, chakula cha mchana kinangoja. Hakuwasikiliza. Alitoa simu kifuani, akapiga, akaiweka kwa spika kwa sababu ya masikio yake, pale pale mbele ya kila mtu.

"Njoo ujenge," akasema.

Sauti ya shemeji yangu ikatoka, na upepo wa ziwa nyuma yake. "Mama, si ni wewe jana ulisema nikae?"

"Nilisema. Sasa nasema njoo. Na shoka uje nalo." Akakata. Hakumtazama mtu. Alishika handeli, akaizungusha kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, mashine ikanguruma, akarudi kwenye debe lake.

Mimi nilirudi ndani. Ilikuwa haki yangu kupiga vigelegele. Nilipita nyuma ya kochi, nikayagusa mabati kuhakikisha yapo, nikampigia mume wangu. Hakupokea, alikuwa barabarani. Mlango ulikuwa umefunguliwa, na mimi nimekaa kwenye kiti kile kile, mbele ya dirisha lile lile. Nikaona heri nifanye kazi. Mkulima na mbuzi wake walikuwa bado wananingoja. Nikavaa, nikabonyeza kitufe, mngurumo ukaondoka.

Na chini ya dirisha, pale nyuma ya kibanda, mama mkwe wangu alikuwa analia.

Alilia kwa sauti, bila kujizuia, kwa pumzi zile za mtu aliyezoea kulilia mahali hapo. Alikuwa ameshasahau habari za hedifoni, au hakujali tena, au miaka mingi ya kufunikwa na ile mashine haiwezi kuondoka asubuhi moja. Nikawaza ni mara ngapi alisimama pale na kulia hivyo, tangu azikwe mumewe, mimi nikiwa upande huu wa ukuta nasonga ugali na kumsengenya moyoni.

Nilizivua. Mngurumo ukarudi, vikombe vikaanza kutembea kabatini, na sikusikia tena kitu.